Mama mjamzito, usiifiche hofu ya miezi ya mwisho

Mama, umeingia mwezi wa nane. Tumbo ni zito, joto la Garissa halikuachi ulale, na mtoto huanza kucheza pale tu unapojinyoosha kitandani. Leo unacheka peke yako; kesho unalia na hujui unacholilia. Je, una kasoro? La. Wajawazito wengi hupitia hali hii.

Sababu zake

Katika miezi mitatu ya mwisho homoni za uzazi huwa nyingi mwilini. Usingizi nao hukatizwa na kiungulia, maumivu ya mgongo na kwenda haja ndogo kila mara. Asiyelala hukasirika upesi. Juu ya hayo kuna mawazo: Nitajifungua salama? Baba watoto atakuwapo, au atakuwa bado malishoni na ngamia?

Hapa Kaskazini Mashariki kuna hofu nyingine ambayo haitajwi sana. Mwanamke aliyetahiriwa na kushonwa utotoni huweza kuiogopa mno siku ya kujifungua. Wengine hupunguza chakula ili mtoto awe mdogo, wasije wakafanyiwa upasuaji. Usifanye hivyo. Mama hupungukiwa na damu, na mtoto huweza kuzaliwa dhaifu. Mweleze mkunga mapema. Akijua, atapanga jinsi kovu litakavyofunguliwa kwa usalama, kabla ya uchungu au wakati wa kujifungua. Ukiona haya, omba mkunga wa kike.

Mjue mtoto wako

Kufikia mwezi wa saba mtoto tumboni husikia. Sauti anayoizoea kuliko zote ni yako, na akizaliwa huitambua. Basi zungumza naye. Mwimbie zile nyimbo ulizobembelezewa na mama yako. Weka mkono anapopiga teke, na mwite baba yake naye aweke wake.

Je, kama huhisi upendo wowote bado? Usijilaumu. Kwa akina mama wengine upendo huja polepole, hata wiki kadhaa baada ya kuzaa, hasa kwa aliyewahi kupoteza mtoto na anayeogopa kutumaini tena. Ukijifungua, omba uwekewe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Jambo hilo huwasaidia nyote wawili.

Jifunze pia desturi yake ya kucheza. Wako wanaosema kwamba mtoto hutulia siku za kuzaliwa zinapokaribia. Si kweli. Akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Huzuni inapozidi

Machozi ya siku moja si ugonjwa. Lakini ikiwa huzuni imeendelea kwa zaidi ya wiki mbili, huli, hakuna kinachokufurahisha, au unafikiria kujidhuru, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Usiambiwe kuwa ni udhaifu wa imani. Mwambie muuguzi wa kliniki. Na kama ni mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako. Nenda hospitali mara moja.

Watu wa nyumbani

Wasomali wana desturi nzuri ya afartanbax, ambapo mama hupumzika siku 40 baada ya kujifungua huku akihudumiwa na wanawake wenzake. Lakini msaada usingoje siku hiyo. Mchoteeni maji sasa, mpikieni, na mmsindikize kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mjamzito aonwe na wahudumu wa afya angalau mara nane. Anayeishi mbali na hospitali apange usafiri mapema, kwani kujua gari litatoka wapi huondoa nusu ya wasiwasi.

Nawe baba, usimwambie mkeo aache kulia. Keti naye umuulize anaogopa nini, kisha umsikilize.