CHEREHANI IMEKWAMA, HAIJAFA

Katika toleo hili nimepewa nafasi, nami sitaitumia kuwasimulia kisa cha mapenzi wala ajali ya matatu. Nataka kuwaeleza jinsi ya kufufua cherehani kuukuu ya kukanyaga kwa miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu mnayoiona kwenye vibaraza vya maduka. Nasema kufufua, ingawa neno lenyewe lina udanganyifu kidogo. Cherehani nyingi zinazoitwa maiti hazijafa, zimekwama tu. Asiyejua tofauti hiyo atauza mali yake kwa bei ya chuma.

Cherehani niliyojifunzia ni ya shangazi yangu hapa Nyamarambe. Aliinunua kwa mtu mmoja aliyekuwa akihama, shilingi 4,500, pesa alizopata zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama. Alikusudia kushona sare za shule kabla ya Januari, na mapato hayo ndiyo yangelipa mchango wake wa kila wiki. Lo! Ilipofika nyumbani, gurudumu halikugeuka hata kidogo. Kabla ya wiki kwisha akaja mnunuzi wa vyuma kuukuu na mizani yake, akitaka kuichukua kwa kilo. Shangazi alikaribia kukubali. "Mwanangu," akaniambia, "chama hakingoji mtu." Ilikuwa likizo ya Agosti, basi nikamwomba siku tano, nikaenda sokoni kutafuta ushauri wa mzee mmoja fundi wa nguo.

Swali la kwanza la mzee lilinishangaza. Hakuuliza imeharibika wapi. Aliuliza, "Kijana wangu, umesoma namba yake?"

Namba hiyo huwa imegongwa kwenye kitako cha cherehani, upande wa kulia. Yetu ni Singer, na namba yake inaanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E. Herufi mbili za namna hiyo zilitiwa kwenye cherehani zilizotengenezwa Clydebank, Scotland, kuanzia 1935 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanda hicho kilifunguliwa miaka ya 1880, mji wake ukapigwa mabomu na ndege za Ujerumani mwezi Machi 1941, na kiwanda kikafungwa 1980. Stesheni ya reli iliyokuwa jirani yake bado inaitwa Singer hadi leo. Kwa hiyo chombo kilichotaka kupimwa kwa kilo kina umri wa babu zetu na kimekipita kiwanda kilichokizaa!

Namba ina faida nyingine isiyo ya historia. Inakuambia aina ya cherehani, na kwa hiyo vipuri vyake. Yetu ni ya aina ya 15, ambayo iliigwa sana Japani na Uchina baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Butterfly za Shanghai, ambazo mafundi wetu wengi wanazitumia, ni za ukoo huo. Bobini na sindano zinazouzwa kwa ajili yao zinaingia kwenye ile ya Scotland bila ugomvi. Ndiyo maana sikuona sababu ya kukata tamaa.

Sasa tuje kwenye kukwama. Ukikuta gurudumu haligeuki, usikimbilie spana. Toa sindano, toa bobini na kasha lake, kisha ufungue kile kibati kilicho chini ya sindano. Mara nyingine utakuta nyuzi zimejisokota nyuma ya ndoano inayozunguka, ukizitoa kazi imekwisha. Sisi hatukubahatika hivyo. Chini ya kibati, kati ya yale meno yanayosukuma kitambaa, kulikuwa na vumbi la pamba lililogandamana kama kipande cha blanketi. Hilo tulilitoa kwa sindano ya kofia. Gurudumu likakataa bado.

Mzee akalaza kichwa cha cherehani kwa nyuma, akakwaruza kiungo kimoja kwa ukucha, akanusa. Akacheka. "Hii imekula chapati," akasema. Aliyekuwa nayo kabla ya shangazi alikuwa akiipaka mafuta ya kupikia.

Hapa wanaosoma Kemia watanielewa upesi. Mafuta ya kupikia huungana na oksijeni ya hewani na polepole hugeuka kuwa kitu kigumu, chenye kunata. Kama hamniamini, pitisheni kidole nje ya kikaangio cha zamani nyumbani; ile rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni ndiyo hiyo hiyo. Mafuta ya cherehani hutokana na petroli ghafi, ni mepesi na hayagandi namna hiyo. Aliyetia mafuta ya kupikia alidhani anailainisha, kumbe anaitia gundi. Nayo gundi hiyo haikuvunja kitu chochote. Chuma chote kilikuwa kizima ndani yake, kimehifadhiwa vizuri kuliko kama kingeachwa kikavu katika mvua zetu za Gusii.

Dawa yake ni mafuta ya taa, subira na jua. Kwa kijiti nilidondosha matone machache kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapokutana na chuma, juu na chini. (Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, na usiwe na kibiriti mfukoni.) Matundu yaliyoziba niliyazibua kwa waya mwembamba. Kisha nikaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi niliiweka juani, kwa maana joto hulainisha ule utomvu, nikaiingiza ndani saa nane kabla ya mvua ya mchana. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilishika gurudumu kwa mikono miwili nikalitikisa mbele na nyuma, taratibu, bila hasira. Likasogea upana wa kidole. Ndugu zangu, sijawahi kufurahia upana wa kidole kiasi kile! Saa moja baadaye lilizunguka duara zima, likitoa uchafu mweusi kila kiungo.

Angalieni sana hapa: mafuta ya taa husafisha, hayalainishi. Ukiyaacha peke yake, vyuma vitasagana. Kwa hiyo tulifuta kila kitu kwa kitambaa, tukatia mafuta halisi ya cherehani, tone moja moja, tukazungusha, tukafuta, tukatia tena.

Wakati huo alipita kijana wa jua kali akajitolea kuipaka rangi mpya ing'ae. Mzee alimfukuza kwa utani, nami namuunga mkono. Rangi huziba matundu ya mafuta na kufunika namba, na maua ya dhahabu hayarudi tena. Usiyasugue hata kwa spiriti, kwa sababu vanishi ya zamani inayoyafunika huyeyuka katika spiriti. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani kinatosha. Uzee si kutu.

Mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu ulikuwa umekatika, tukanunua mwingine kwa shilingi 200. Mkanda ukilegea huteleza, ukikaza mno hukuchosha miguu. Hukatwa kidogo kidogo na kufungwa kwa kibanio cha waya. Kwa wapenzi wa Fizikia: gurudumu la chini likizunguka mara moja, la juu huzunguka takriban mara nne, ndiyo sababu mguu wa polepole huzaa sindano ya kasi. Na gurudumu la juu lazima lije upande wako. Ukilizungusha kinyume, uzi hujisokota na utadhani cherehani imeharibika tena.

Ilipoanza kushona iliruka mishono. Nilikuwa na bisibisi tayari kuifungua ndoano, mzee akanishika mkono: kwanza badilisha sindano. Sindano iliyopinda kidogo tu huruka mishono. Unapoitia, angalia mfereji wake mrefu. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji huo. Tulitia mpya, mishono ikakaa.

Mwisho ni kulinganisha nyuzi. Tia uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kitambaa cha khaki. Vitanzi vyekundu vikionekana upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Uzi mweupe ukipanda juu, wa juu umekazwa kupita kiasi. Rekebisha skrubu ya juu kwanza. Ile ndogo iliyo kwenye kasha la bobini iguswe mwisho kabisa, robo mzunguko tu. Ukining'iniza kasha kwa uzi wake, lisianguke lenyewe, bali lishuke kidogo unapolitikisa.

Gharama yote, pamoja na mkanda, mafuta, sindano na soda ya mzee, haikufika shilingi 700. Siku ya tano mwenye mizani alirudi, akamkuta shangazi anashona kaptura. Alisimama akatazama, akauliza kama angeweza kuziba suruali yake gotini. Alizibiwa, akalipa shilingi 50. Kufikia Desemba shangazi alikuwa ameshona sare 31 na hadaiwi na chama.

Limebaki jambo moja. Mpira wa kile kigurudumu kinachojaza bobini umekwisha, na shangazi anajaza bobini zake kwa mkono. Ni mpira wa mviringo, upana wake kama sarafu ya zamani ya shilingi kumi. Anayejua duka la Kisii mjini linalouza mpira huo na anione, Kidato cha Tatu, dawati la dirishani.