Mtambaji wa Hadithi na Mwalimu wa Darasa: Mafunzo Kutoka Matongo

Katika makala haya tunakusudia kumzungumzia mtambaji wa hadithi, yaani fanani kama wamwitavyo wataalamu wa fasihi simulizi, na kuona ni kwa kiasi gani mwalimu wa shule ya msingi aweza kuirithi kazi yake. Tumeichagua Matongo, wilayani Tarime, kwa kuwa huko tumewasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, na huko ndiko tulikoliona andalio la somo lililokamilika kwa kila kipengele likishindwa mbele ya macho yetu.

Mwanachuo mwenyewe alikuwa hodari. Alifundisha Kiswahili Darasa la Tatu, na kwa kipindi hicho alichagua ngano ya sungura na fisi: fisi mlafi, mjinga, anayedanganywa hata akapigwa na wenye shamba. Zana zake zilikuwa nzuri na sauti yake ilisikika hadi nyuma. Alipofika mahali pa kipigo darasa lilicheka, isipokuwa watoto watano au sita waliokaa upande wa dirishani. Mmoja akasimama akasema, ‘Mwalimu, fisi ni wa kwetu.’ Wenzake wakazidi kucheka, na safari hii hawakuwa wakimcheka fisi. Wakati wa mapumziko tulilazimika kuwaamua watoto waliokuwa wakipigana nyuma ya madarasa.

Msomaji asiyeifahamu Mara afaa aelezwe. Wakurya wamegawanyika katika koo, na ukoo huwa na mnyama wake unaomheshimu: chui, tembo, pundamilia, na wengineo. Kumdhihaki mnyama huyo ni kuwadhihaki wenyewe. Tena uhasama baina ya koo, ambao asili yake mara nyingi ni ng’ombe au mipaka ya ardhi, umekwisha kumwaga damu wilayani humo zaidi ya mara moja. Mzaha uliotoka kinywani mwa mwalimu hauishii langoni mwa shule. Mtoto hufika nao nyumbani, na nyumbani kuna kaka zake.

Je, ngano ile ilikuwa na kosa? Hatudhani. Ngano za sungura zinatambwa toka pwani hadi bara, na hata Askofu Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja huko London mwaka 1870, wanyama werevu na wanyama wajinga walikuwamo. Kosa lilikuwa kwamba mwanachuo aliichukua kitabuni akaileta kama ilivyo, kana kwamba hadithi ni ile ile mbele ya watu wowote. Mtambaji hafanyi hivyo. Bibi anayewatambia wajukuu kando ya moto anamjua kila aliyeketi pale: nani amefiwa, nani ni mtoto wa kambo, nani leo ameiba maziwa. Ngano ya mama wa kambo ataiacha usiku huo, au ataigeuza. Kwake hadithi ina mifupa isiyobadilika na nyama inayobadilika kila usiku.

Na hadhira ya Matongo ya leo ni ngumu kuliko ile ya jikoni kwa bibi. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, watu wa makabila mengi wamehamia huko, hivyo dawati moja laweza kuwa na Mkurya, Mjaluo na Msukuma. Bibi huwatambia watu wa nyumba moja. Mwalimu huwatambia watu wa nyumba hamsini, na hana budi kuziulizia kabla hajafungua kinywa.

Jambo la pili la kujifunza kwa mtambaji ni kiitikio. Mtambaji wa Kiswahili hasemi neno la ngano kabla hajaita ‘Paukwa!’ na kujibiwa ‘Pakawa!’, na ndani ya ngano hutia wimbo ambao wasikilizaji huupokea. Wengi wetu hudhani hayo ni mapambo. La hasha, ni kipimo. Sauti za kuitikia zikipungua, mtambaji hujua kwamba fulani amesinzia au kwamba amekawia mno mahali pamoja, naye hukaza mwendo. Mwalimu naye ana kiitikio chake: ‘Mmeelewa?’ ‘Ndiyooo!’ Hicho hakipimi kitu, maana mtoto aliyelala macho wazi huitikia vizuri kuliko wote.

Wimbo wa ngano una faida nyingine kwa darasa la kwanza na la pili, ambako wapo watoto wanaokuja na Kikurya tu. Mwanachuo mmoja alisimulia kwa Kiswahili lakini akauacha wimbo katika Kikurya, akawaomba watoto wamfundishe namna ya kuutamka. Wale waliokuwa bubu tangu Jumatatu wakawa walimu wake. Watoto wasio Wakurya nao waliujifunza, na juma lililofuata tuliona ikifaa wao walete wimbo wa kwao.

Si kila urithi wa kupokelewa, hata hivyo. Mpiga litungu, zeze kubwa la nyuzi nane la Wakurya, ni msimulizi pia, na miongoni mwa anaowasifu ni mashujaa walioleta ng’ombe kutoka kwa wengine. Sanaa yake ni kubwa. Lakini hao ‘wengine’ wana watoto wao darasani, na wizi wa mifugo ungali unaua watu. Sisi tungemwalika mpiga litungu aonyeshe ala, upigaji na namna anavyopanga masimulizi, tukakubaliana naye mapema juu ya visa vya kuviacha. Wapo wakufunzi wenzetu wanaoona kwamba huko ni kuikata fasihi ulimi. Hoja hiyo tunaiheshimu, ila wao hawakuwamo siku ile nyuma ya madarasa.

Kumwalika mgeni kuna adabu zake. Bibi mmoja alikubali kuja shuleni, akafika, akaketi, akakataa kutamba: jua lilikuwa juu, na ngano hazitambwi mchana. Katazo hilo limo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na lina busara yake, kwani mchana ni wa jembe na mifugo. Mwanachuo alitaka kubishana. Tulimzuia, naye akamwuliza kwa heshima, ‘Bibi, tufanyeje basi?’ Bibi akafikiri, kisha akaagiza madirisha na mlango vifungwe. Akatamba katika kigiza hicho kwa muda wa vipindi viwili, na kengele haikusikilizwa na mtu.

Turudi kwa mwanachuo wa fisi. Jioni ile alikwenda na mwalimu mkuu kwa wazazi wa yule mtoto kuomba radhi, jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa mazoezi ya kufundisha. Juma lililofuata aliirudia ngano ile ile, safari hii mlafi akiwa zimwi lisilo na ukoo. Kabla ya kufika mwisho alinyamaza, akawauliza watoto zimwi lifanywe nini. Yule wa dirishani ndiye aliyenyosha mkono kwanza.