Mafunzo Niliyopata Jua Lilipopatwa Rujewa

Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulilifunika jua la Rujewa, mkoani Mbeya, hadi ikabaki pete ya moto. Nilikuwamo katika umati uliofurika pale, na tangu siku ile najiuliza: imani ya dini iongozwe na kicho kinachomjaa mtu moyoni, au na akili? Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kicho ni cha kweli, lakini hakijielezi. Mchana ulipofifia, mwili ulinisisimka. Mmoja kando yangu alileta takbira, mwingine akasema dunia inakwisha, mwanafunzi akashangilia hesabu zilizotimia. Jambo lilikuwa moja, tafsiri tatu. Ukubwa wa hisia hauthibitishi tafsiri yake.

2. Dini yenyewe huidai akili. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa Madina. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume, na uchungu wa kufiwa ukiwa mbichi, aliwakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Uvumi uliomtukuza mwanawe aliukataa, swala aliiswalisha.

3. Hesabu haiui ibada. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba anayepinga maelezo ya wanafalaki kuhusu kupatwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, anaidhuru. Leo twajua kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Makka. Kujua tarehe hakumzuii mtu kusujudu ikifika.

4. Dai linalogusa uhai lipimwe. Mwaka 2011 Waislamu kwa Wakristo walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mzee aliyedai dawa yake inaponya maradhi sugu. Mjomba wangu, mgonjwa wa kisukari, alirudi na matumaini tele. Mkewe akamwambia: "Baba Salma, mshukuru Mungu, ila vidonge usiviache mpaka daktari akupime." Hakumvunja imani, alimlinda.

5. Kila kimoja kina kazi yake. Kicho kinanituma kutafuta na kuninyenyekesha. Lakini ninachokiamini, na hasa ninachowafundisha wanangu, lazima akili ikikague kwanza. Aliyeumba moyo unaosisimka ndiye aliyeumba akili inayouliza. Anayeizima akili kwa jina la imani ametupa nusu ya amana aliyopewa.