Dondoo muhimu: Dawa ya kifafa kabla ya mimba

Valproeti, dawa inayotumiwa sana kuzuia kifafa, inaweza kulemaza kijusi, yaani kiumbe kinachokua tumboni: takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaofikiwa na dawa hiyo kabla ya kuzaliwa huwa na kasoro kubwa za kimaumbile, ikiwemo mgongo wazi, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kama vile kuchelewa kusema. Kwa kuwa mrija wa neva, ambao ndio chimbuko la ubongo na uti wa mgongo, hufungika siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, si haki mgonjwa aelezwe hatari hiyo akiwa tayari na mimba. Daktari amshauri mapema kuhusu dawa mbadala, kama lamotrijini au levetirasetamu, na kuhusu vidonge vya asidi ya foliki. Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa ghafla, maana kifafa kinachoweza kumwangusha mfululizo huhatarisha maisha yake na ya mtoto, bali awahi kliniki ili dawa ibadilishwe chini ya uangalizi.