SOMO LA WIKI: Bei moja, vituo vingi, faili lipi?

BARIADI: Msimu wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, bei ya kilo huweza kubadilika kabla ghala halijajaa. Mwenye kupima kwa kompyuta Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega hulazimika kufikisha bei mpya kila kituo siku ile ile.

Tuseme kituo kimoja hupima kilo 8,000 kwa siku. Bei ya zamani ikisalia kwenye mashine, na tofauti ni shilingi 50 tu kwa kilo, hesabu itapotoka kwa shilingi 400,000. Mkulima akipunjwa, kesho haji. Akizidishiwa, hasara ni yako.

Kanuni ya kwanza: bei isiandikwe ndani ya programu. Iwekwe pembeni, katika faili la mipangilio, pamoja na namba ya kituo, makato na saa za kufungua. Programu iwe moja kila mahali. Kinachotofautiana ni faili tu.

Miongoni mwa lugha zinazotumika sana kuandikia faili hilo ni hizi tatu.

YAML (2001) husomeka kwa urahisi, lakini hubahatisha. Ukiandika kituo 010 bila alama za mtajo, toleo lake la 1.1 husoma 8. Ukiandika saa 1:30, husoma 90. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 lilirekebisha hayo, ingawa 010 hugeuka 10 na sifuri hupotea. Programu nyingi bado hufuata kanuni za zamani.

JSON ni kali. Hukataa 010 palepale, ila hairuhusu maelezo ya pembeni kama "bei mpya kuanzia Jumatatu".

TOML (2013) hukataa 010 vilevile, na maelezo inayaruhusu. Kwa faili fupi la bei, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Vituo vikizidi vitatu au vinne, kunakili kwa mkono huleta makosa. Hapo tumia kiolezo: waraka mmoja wenye nafasi wazi, mfano wa kitabu cha stakabadhi kilichokwisha chapwa. Jinja hujaza nafasi hizo, na Ansible (2012) huitumia kupeleka faili kwenye kompyuta nyingi kwa mkupuo. Tahadhari: Jinja hujaza maandishi tu. Haijui kama ulichojaza ni bei au jina la kijiji. Kwa hiyo usiweke hesabu ndani ya kiolezo.

Ushauri wetu: chagua lugha inayokataa kosa, siyo inayolikisia. Namba za vituo na za simu zitie ndani ya alama za mtajo. Kagua faili lililokwisha jazwa, lipeleke kituo kimoja kwanza, upime kilo 10 na kusoma stakabadhi. Ikiwa sawa, vituo vingine vifuate. Faili la jana usilifute. Bei ikikosewa, ndilo la kurudia.