Binti Asafiripo: Somo Juu ya Bughudha za Njiani

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni bughudha wazipatazo wanawake wendapo nchi za watu kwa matembezi.

Zamani safari ya mwanamke wa pwani ilikuwa ni Hija, au kumfuata mume, au kuwazuru jamaa Lamu na Unguja. Siku hizi mabinti zetu wamesoma, wana kazi na mishahara yao, na ifikapo likizo hupanda ndege wakaenda Dubai, Istanbul na Kairo. Suala la mwanamke kusafiri pasi na maharimu lina mlango wake katika fiqhi, na maulamaa wana maneno yao. Mlango huo hatuufungui leo. Kwani hata aliyefuatana na mumewe au nduguye hapana budi itafika saa atakuwa peke yake: sokoni, ndani ya lifti, au katika gari la abiria. Saa hiyo ndiyo tuizungumzayo.

Kwanza yatupasa tujue bughudha ni nini. Ni maneno machafu atupiwayo mwanamke apitapo, kukodolewa macho kwa ufedhuli, kufuatwafuatwa, kuzibiwa njia, kupigwa picha kwa siri, na kushikwa mwili. Mambo haya hayalingani kwa uzito, lakini yote asili yake ni moja: mtu kumfanya mwanamke asiyemjua kuwa kitu cha kuchezea.

Tuchukue mfano wa Misri. Twaitaja kwa kuwa ni nchi tuipendayo, ambayo vijana wengi wa pwani wameifuata kwa elimu ya Azhar, wala hatuitaji kwa kuwatukana wenyewe. Hakuna mji usio na waovu, na Mombasa yetu haimo nje ya hesabu hiyo. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1913 na miaka 100 juu yake, yaani 2013, na shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na wanawake, asilimia 99.3 ya wanawake wa Kimisri walioulizwa walisema wamepata kubughudhiwa kwa namna moja au nyingine. Msomaji na aizingatie hesabu hii. Wanawake wengi wa Kiislamu wa Misri hujifunika vichwa. Ikiwa karibu wote walioulizwa wamepatwa, basi asemaye kuwa bughudha huletwa na nguo tu, ushahidi wamkataa.

Azhar yenyewe ilitoa tamko mwezi wa Agosti mwaka 2018, ikabainisha kwamba bughudha hii, iwe kwa ishara, kwa neno au kwa kitendo, ni haramu, na kwamba mavazi ya mwanamke au mwenendo wake si udhuru kwa mwenye kumshambulia. Wala hilo si jambo geni kwa mwenye kuisoma Suratun-Nur. Amri ya kuinamisha macho imewaelekea wanaume kwanza, katika aya ya 30, kisha ndipo wakatajwa wanawake katika aya ya 31. Sitara ya mwanamke ni wajibu wake baina yake na Mola wake. Haikufanywa kuwa ruhusa kwa mtu mwingine kumvunjia heshima anapoiona imepungua.

Pili, msafiri ajue sheria ya nchi aiendeayo. Mwaka 2008 bibi mmoja wa Kairo alishikwa mwilini na dereva aliyenyosha mkono kutoka garini. Bibi huyo hakumwachilia mpaka akamfikisha polisi, ingawa wapita njia wengine walimsihi amwache aende zake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mahakama ikamhukumu dereva kifungo cha miaka 3. Mwaka 2014 sheria ya jinai ya Misri ikaitaja bughudha waziwazi kuwa kosa. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya kuyaficha majina ya wenye kushitaki mambo haya, na mwaka 2021 adhabu ikazidishwa, kifungo kikawa hakipungui miaka 2 pamoja na faini. Hatusemi kwamba kila askari atamsikiliza mlalamikaji kwa wema. Twasema kwamba mwenye kushitaki anadai haki iliyoandikwa, wala haombi hisani.

Tatu, ziko njia za kujihifadhi, nazo ni katika kuchukua sababu, kama afungavyo mtu mlango wake usiku kisha akamtegemea Mungu.

Kabla ya kuondoka, aache nyumbani jina la hoteli na tarehe za safari, na achukue nambari ya simu ya ubalozi wa Kenya ulioko Kairo. Nambari 126 ni ya polisi wa watalii wa Misri, na 122 ni ya polisi wa kawaida. Aziandike pia katika karatasi, kwani simu huibiwa na huzimika.

Afikapo, asitaje nambari ya chumba chake kwa sauti mbele za watu. Katika teksi akae kiti cha nyuma, na ampelekee mwenziwe nambari ya gari. Treni za chini ya ardhi za Kairo zina mabehewa ya kati yaliyotengwa kwa wanawake. Ayatafute hayo, na usiku azisome alama vyema, kwani saa nyengine behewa huchanganyika. Kwenye piramidi za Giza wenye ngamia na farasi hushikilia sana. Akitaka kupanda, bei ikatwe kabla, na asikubali mtu kumshika kwa kisingizio cha kumpandisha. Misongamano ya sikukuu katikati ya mji aiepuke: Idi ya mwaka 2006 makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katikati ya Kairo. Twalitaja hili khasa kwa kuwa wengi wetu hupenda kusafiri wakati wa Idi.

Akibughudhiwa kwa neno, si lazima ajibu. Aendelee na njia yake aingie dukani, au asimame karibu na mama mwenye watoto. Akifuatwa, asielekee hotelini ikiwa njia haina watu. Akishikwa, apaze sauti aseme “Aib!” Neno hilo Wamisri walijua kama tulijuavyo sisi aibu, na mara nyingi walio karibu humgeukia mkosaji. Kisha akiwa mahali pa salama aandike saa, mahali, sura ya mtu na nambari ya gari, na ashike jina la aliyeshuhudia, apate kushitaki. Si lazima amkamate mtu kama alivyofanya yule bibi, kuokoka kwatangulia.

Nne, na hili twawaelekea wazazi, waume na ndugu. Mambo yote tuliyoyataja hayatafaa kitu ikiwa binti aogopa nyumbani kwao kuliko anavyomwogopa aliyemshika. Wangapi wamerudi safari wakasema “Alhamdulillahi, tumetembea vizuri,” na moyoni wana jeraha, kwa kuwa wajua neno la kwanza litakalowakabili ni “Nani aliyekwambia wende?” Neno hilo humfunga mdomo yeye, na kisha mdogo wake ambaye angepata onyo kwa khabari yake naye husafiri bila kujua. Mwovu aliyeko Kairo au Istanbul ategemea mwanamke anyamaze, nasi tulioko Mombasa na Malindi twamsaidia kumnyamazisha pasi na kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi binti akirudi na khabari kama hii, aulizwe kwanza: “U salama? Wataka tukusaidie nini?” Asikilizwe mpaka amalize. Siri yake isipelekwe harusini wala barazani. Na akitaka kushitaki, babaye au nduguye asimame naye.

Na vijana wetu wa kiume waketio vichochoroni mwetu wakiwapigia miluzi wapitao, nao wasomewe somo hili. Yule tumlaumuye Misri hakuanza kwa kushika. Alianza kwa mluzi, na watu wazima wakasikia wakapita.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na atupe masikio ya kuwasikiliza warudipo. Amin.