Zabibu ni riziki, mvinyo si dawa

Ndugu Waislamu, kuna hoja inayowababaisha vijana wetu vyuoni na maofisini. Wanaambiwa kuwa mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo na kwamba wataalamu wamethibitisha. Hebu tuichambue.

Mwaka 1992 mtafiti wa Kifaransa, Serge Renaud, aliandika kuwa Wafaransa wanakula mafuta mengi ya wanyama lakini hawafi sana kwa maradhi ya moyo. Akakihusisha kinga hiyo na mvinyo. Baadaye sifa ikapewa resveratroli, kemikali ambayo mzabibu huitengeneza kujikinga na ukungu, na ambayo hukaa zaidi kwenye ganda la zabibu. Mwaka 2006 ikatangazwa kuwa panya wanene waliopewa kemikali hiyo waliishi zaidi ya wenzao.

Tujiulize: sifa hiyo ni ya pombe au ya tunda? Resveratroli imo kwenye zabibu kabla hazijachachushwa, na hata kwenye karanga imo. Na je, mvinyo una kiasi gani? Kwa wastani lita nzima ina miligramu 2 hivi. Anayetaka miligramu 500, kiasi cha kidonge kimoja, anywe lita 250!

Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wazee 783 wa Chianti, Italia, waliofuatiliwa kwa miaka 9. Waliokuwa na resveratroli nyingi mwilini hawakuishi zaidi wala hawakuepukana zaidi na maradhi ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama.

Muislamu hashangai. Qur'an (2:219) haikukataa kuwa ulevi una manufaa kwa watu, bali imetufunza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Na katika Hadith aliyoipokea Imam Muslim, mtu alipodai anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa, Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa.

Lakini nasi tusipindukie upande wa pili, tukawauzia watu vidonge vya zabibu milangoni mwa misikiti kwa madai ya kutibu kila maradhi. Huo nao ni udanganyifu. Mgonjwa wa presha asiache dawa za hospitali, na mwenye kisukari ale zabibu kwa kipimo.

Zioshe, zile na maganda yake, umshukuru Allah (s.w.). Hiyo ndiyo riziki njema iliyotajwa katika Surat an-Nahl, aya ya 67.

Wallahu a'lam.